Swali la Kumi na Saba

Umelisoma mara nne, Yazhini,
na kila mara sauti yako inashuka ngazi moja.
"Haridas alikuwa na kadi mara tatu ya zile za Suyin.
Alipompa Suyin kadi ishirini na nne, wakawa sawa.
Mwanzoni Haridas alikuwa na kadi ngapi?"

Umezidisha. Umefuta.
Umejumlisha tatu na ishirini na nne
ukanitazama usoni, kama mtu ajaribuye funguo
kwenye mlango asioujua ni wa nani.
Karatasi imechakaa pale ulipofuta.
Ukifuta tena itatoboka.

Ghorofa ya kumi na moja, Yishun, saa nne kasoro robo usiku.
Feni inageuza kichwa: inakataa, inakataa.
Ng'ambo ya ukuta Bi Geok Choo anakwangua sufuria.
Mtihani ni Alhamisi.

Sikwambii kwamba mtihani huuhuu uliniangusha
nikiwa na umri wako,
kwamba mwalimu alisoma alama zangu mbele ya wenzangu
nami nikahesabu vigae kutoka dawati langu hadi mlangoni:
thelathini na nane.
Hesabu hiyo sikuikosea.

Siku hizi naendesha kreni bandarini Tuas.
Naliinua kontena la tani thelathini
na kulilaza juu ya mwenzake, ukingo kwa ukingo,
na sijawahi kuinua mzigo nisiouona.
Ilinichukua maswali kumi na sita kulikumbuka hilo.
"Lete mkasi," nakwambia.

Ratiba ya zamu ya mwezi uliopita ingali imebandikwa kwenye friji.
Tunaikata vipande vinne, urefu mmoja, upana mmoja.
Vitatu vya Haridas. Kimoja cha Suyin.
"Kila kipande kina kadi ngapi?"
"Hatujui."
"Sasa?"
"Sasa tunakiacha kikae mezani hivyohivyo, hatukijui."

Hupendi. Unauma kifutio.
Kisha unasukuma vipande viwili kwa Suyin,
Haridas anabaki na kimoja, mnyonge.
"Mh, amejifilisi," unasema.
Mimi nimenyamaza, na kunyamaza huku kunanitoa jasho
kuliko upepo wa juu bandarini;
jibu linaniwasha ulimi kama pilipili.

Unarudisha kimoja.
Viwili huku. Viwili huku.
Mkono wako unasimama hewani.

"Appa, alichompa ni kipande kimoja tu."
"Ehee."
"Basi kipande kimoja ndicho ishirini na nne!"
Na kalamu inakimbia: mara tatu, sabini na mbili,
hiyo mbili imelala kifudifudi kwa haraka.
Kule ng'ambo sufuria imenyamaza,
naapa Bi Geok Choo alikuwa anasikiliza.

"Lakini kwa nini alimpa?"
"Kitabu hakisemi."
"Mtu hatoi kadi ishirini na nne bure, Appa. Labda alivunja kitu chake."
Sina jibu. Nyuma ya kitabu kuna majibu yote,
hilo halimo.

Unavigeuza vipande ili uvikusanye,
na upande wa pili kuna mwandiko wa ofisi ya bandari.
Unasoma kama unavyosoma swali, polepole, kidole kikifuata:
"Wiki ya kwanza, usiku. Ya pili, usiku. Ya tatu, usiku."
Cha Suyin: "Ya nne, mchana."
Unavitazama kidogo.
"Ukinipa wiki moja," unasema, "tutakuwa sawa."

Huna lawama. Unapiga hesabu tu,
umeipata njia na unataka kuijaribu tena.
Mimi nainama chini ya meza kutafuta kalamu
ambayo haikuanguka.

Swali la kumi na nane ni la bomba na tangi.
Bomba linajaza, tangi linavuja.
Kwenye vitabu hivi matangi huvuja miaka yote
na hakuna aliyewahi kuita fundi.
"Lisome," nasema.
Unalisoma, na safari hii sauti haishuki.